Daftari la nyongo: miezi 6 katika ofisi ya fedha ya komini moja ya Lubumbashi

6 Mei 2024, Jumatatu

Kazi nimepewa kwa sentensi moja. Mkuu wa komini (ndivyo sisi Wakongo tunavyoita wilaya ya mji), ambaye huku bado tunamwita bugumestre kama Wabelgiji walivyotuachia, alinikuta kwenye ngazi akaniuliza: "Tukienda benki kukopa makuta ya lile kalavati la sokoni, watatupa?" Nikamjibu sijui. "Basi jua," akasema, "mvua haina urafiki na mtu."

Kalavati lenyewe kila mtu wa mtaa analijua. Mvua huanza kuelekea Novemba, taka za kiangazi kizima zinasukumwa mle ndani, linaziba, na maji yanaamua kupita kwenye vibanda vya ba mama wauza kapenta, yaani dagaa. Mwaka jana nilimwona mama mmoja amesimama juu ya meza yake, beseni la kapenta kichwani, akiyagombeza maji kana kwamba yana masikio.

Komini sitaitaja. Lubumbashi ina komini 7, kila mtu achague yake. Mimi si mfanyakazi wa serikali: ni mhasibu, nilisoma Kasapa, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, nikakaa miaka 9 kwenye kampuni ya malori, na sasa nimeombwa nisaidie ofisi ya fedha siku 3 kwa wiki. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja. Meza 2, kalenda ya mwaka juzi, kabati la chuma linalofungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi ya baiskeli, na Papa. Papa ndiye mtunza hazina. Yumo chumbani humu tangu enzi za Katanga nzima, kabla mkoa haujakatwa vipande 4 mwaka 2015.

Juu ya faili nimeandika: Mradi wa Mkopo.

8 Mei, Jumatano

Kabla ya kuuliza tukope kiasi gani, nilitaka kujua tunaingiza nini. Papa alinichorea mifuko 3 nyuma ya bahasha.

Mfuko wa kwanza ni wa hapa hapa: ushuru wa vibanda sokoni, hati za kuzaliwa na za ndoa, maegesho na vitu vidogo vidogo. Ndio mfuko unaoonekana kwa macho. Asubuhi nilifuatana na kijana wa ushuru. Ana kitabu cha tiketi chenye kaboni iliyochoka, anachana, anapokea noti, anaweka noti kwenye mfuko wa shati na kishina kinabaki kitabuni. Mama wa tatu alimlipa bila kuchukua tiketi. Nikamuuliza kwa nini. "Ikae tu, baba, nitaifanyia nini?" Kijana aliangalia pembeni. Tiketi isiyochanwa ni fedha ambayo komini haitajua kamwe kwamba iliwahi kuwa yake. Hilo si kazi yangu ya sasa, ila nimeliandika.

Mfuko wa pili ni fungu la taifa, ambalo ofisini huitwa retrosesioni. Katiba ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa, na zikatwe pale pale zinapokusanywa. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaongeza kwamba katika fungu hilo la mkoa, asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na cheferi (hizi mbili ni za vijijini, cheferi ikiwa ya chifu). Arubaini ya arubaini. Kwa kila faranga 100, mkoa 40, na kati ya hizo 40, sisi wadogo wote kwa pamoja 16. Kwenye karatasi. Kwa vitendo fedha zimezoea kupita Kinshasa kwanza, na safari ya kurudi haina ratiba.

Mfuko wa tatu ni mrabaha wa madini, na huo komini yetu inausikia kama harufu ya nyama kutoka kwa jirani. Kanuni ya Madini ilivyorekebishwa Machi 2018 inagawa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 kwa chombo cha mtaa ambako mgodi unachimbwa, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inatozwa mrabaha wa asilimia 3.5. Kwa hiyo shaba ya dola 1,000,000 inatoa mrabaha wa dola 35,000, na komini yenye mgodi inapata 5,250. Sisi tuna soko, makanisa na kalavati.

Papa alipomaliza kuchora akasema: "Bajeti ya kwetu ina macho mawili, jicho la karatasi na jicho la kasha. Yasipotazama pamoja ni makengeza."

14 Mei, Jumanne

Leo tumefungua kabati.

Nieleze kwanza fedha ya umma inavyotoka, maana watu wengi wanadhani bugumestre anafungua droo. Kwa sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 kuna hatua 4. Ofisi inajifunga, yaani inaagiza. Halafu inahakikisha: viti vimefika kweli, ni 20 si 18, bei ni ile tuliyopatana. Halafu mwenye mamlaka anatia saini kwamba vilipwe. Mwisho mtunza hazina analipa. Anayeamuru si yule anayelipa, na hapo ndipo kufuli lilipo. Bugumestre hashiki kasha, Papa haamui cha kununua, na mmoja akitaka kuiba itabidi amshawishi mwenzake.

Kufuli ni zuri. Tatizo nililolikuta kabatini ni kwamba hatua ya kwanza inakimbia, ya pili inatembea, ya tatu inachechemea na ya nne imekaa chini. Mstari wa bajeti unasema "samani za ofisi", kwa hiyo mtu anaagiza samani. Bajeti ni ruhusa tu, haina noti ndani yake. Viti vinakuja, watu wanavikalia, na karatasi ya seremala inaingia kabatini.

Makaratasi yalikuwa kwenye maboksi 3 ya sabuni. Fakitire (ankara) za stempu, fakitire za mkono, moja imeandikwa nyuma ya kalenda ya kanisa. Tulipofika boksi la pili nilifuta "Mradi wa Mkopo" kwenye faili. Papa, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala cha miaka ya jeshini, alikuwa anarudia kila anapotoa karatasi: "Nyongo. Nyongo nyingine. Na hii nyongo." Kwa watu wa pwani nyongo ni ile chungu ya kwenye ini. Kwetu ni deni. Sioni haja ya kuchagua maana moja. Faili sasa linaitwa Daftari la Nyongo.

21 Mei, Jumanne

Wiki nzima tunabishana, mimi na Papa, juu ya swali moja: deni linaanza lini?

Papa anasema deni ni lile lililotiwa saini ya hatua ya tatu. Bila saini hakuna amri, bila amri hakuna kulipa, kwa hiyo hakuna deni. Kwa hesabu yake tunadaiwa karatasi 31.

Mimi nasema deni linaanza siku kitu kinapopokelewa. Seremala hajui hatua ya tatu ni nini. Anajua mbao alinunua kwa fedha yake. Kwa hesabu yangu karatasi ni 137.

Alikuja mwenyewe leo, seremala, kana kwamba tumemwita. Mzee mwembamba, kofia mkononi. Karatasi yake ilikuwa ndani ya Biblia, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa mkate, mikunjo imechakaa hadi tarakimu ya mwaka imetoboka. Viti 20 na kabati 1. Alipoiweka mezani aliipapasa kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha shati la mtoto. Papa akamwambia kwa heshima zote kwamba faili lake halijatiwa saini. Mzee akajibu: "Shefu, hicho unachokikalia ni changu."

Papa alisimama. Sijui kama alikusudia.

Tumekubaliana nguzo 3, yaani safu za kushuka, kwenye daftari: kilichoagizwa tu, kilichopokelewa, kilichoamriwa kulipwa. Kila karatasi ikae katika nguzo yake, na nguzo ya pili na ya tatu zote zihesabiwe kuwa nyongo. Papa ametia saini kwenye ukurasa wa kwanza, lakini ameandika pembeni kwa mwandiko mdogo "bila kuathiri sheria". Nimemwachia.

3 Juni, Jumatatu

Nilidhani kujumlisha ni kazi ya siku moja. Nilisahau tunaishi na fedha 2.

Karatasi nyingine ni za dola, nyingine za faranga. Kodi tunakusanya kwa faranga. Kwa wabadilishaji wa barabarani dola moja leo inazunguka faranga 2,800. Mwanzoni mwa 2022 ilikuwa kama 2,000. Nikachukua karatasi 2 za mwaka huo na kuzilaza pamoja mezani.

Ya kwanza ni ya saruji, dola 600. Siku ile ilikuwa sawa na faranga 1,200,000. Leo ili tupate dola 600 tunahitaji faranga 1,680,000. Hakuna aliyetutoza riba, hakuna mkataba wa mkopo, ila tumeongezewa 480,000 kwa kukaa kimya tu. Yaani vibanda vya soko vinamlipia mtu saruji iliyokwisha kukauka ukutani, pamoja na nyongeza.

Ya pili ni ya mama aliyepika chakula cha sherehe moja ya komini: faranga 1,200,000. Siku ile angeweza kununua dola 600. Leo akilipwa tarakimu ile ile anapata dola 428 na vijisenti. Hapa komini imefaidi, na aliyelipa faida hiyo ni mama wa masufuria. Hakuomba kutukopesha.

Nilimwonyesha Papa. Alikaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo mwenye nguvu aliandika kwa dola." Ndiyo. Mwenye duka la saruji ana mwanasheria, mama ana mwiko.

Nimeongeza nguzo 2: fedha ya mkataba, na thamani ya leo.

11 Juni

Kurant, yaani umeme, imekatika nikiwa kwenye mstari wa 94. Betri ya kompyuta ya ofisi ilikufa zamani. Mistari 40 imepotea. Nimenunua daftari kubwa la jalada gumu, la mistari ya bluu, kwa fedha yangu. Papa ameomba risiti ili aliingize kwenye nyongo. Ni namba 138, na mdai ni mimi.

(Baadaye nilijifuta. Nimelitoa kama zawadi, na zawadi nayo ina ukurasa wake katika hesabu za umma.)

25 Juni, Jumanne

Benki. Tawi moja mjini, kiyoyozi, kijana wa tai nyembamba. Alinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua kazi.

Aliuliza kwanza: mtaweka nini rehani? Nikafikiria soko. Soko ni mali ya matumizi ya umma, haliuzwi wala halikamatwi. Ardhi? Tangu sheria ya 20 Julai 1973 ardhi yote ni ya serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Basi kinachobaki ni mapato yenyewe, yaani zile tiketi zenye kaboni iliyochoka.

Akauliza mapato yenu yanakuja lini. Ushuru wa soko kila siku, nikasema. Na retrosesioni? Nikacheka, naye akacheka, na tukaruka hilo.

Swali la tatu ndilo lililonirudisha ofisini kwa miguu bila kupanda taxi-bus, ili nipate kufikiri: "Tayari mnadaiwa na nani?" Miezi 2 iliyopita ningemjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hatudaiwi na mtu, hatujawahi kukopa. Na ningekuwa nasema kweli, kwa lugha ya benki.

Alinieleza pia, na Papa alithibitisha, kwamba komini haijiendei tu benki kama mwenye duka. Mkopo ni wa ndani ya nchi, unapita kwa wakubwa wanaotusimamia, na unaingia katika bajeti kama pato la nadra, kwa ajili ya kitu cha kujenga. Kukopa ili kulipa mishahara ni kula mbegu, na hata benki haipendi kuona hivyo.

28 Juni, usiku

Nimesoma jinsi wenzetu wanavyofanya. Naandika yale tu yaliyonigusa.

Tanga, Tanzania. Mamlaka ya maji ya huko, Tanga UWASA, ilitoa hati fungani ya kijani, yaani karatasi ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya mazingira, Februari mwaka huu: shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Fedha ni za kupanua maji, na zitalipwa kwa bili za maji. Hapo ndipo nilipoona tofauti yetu. Waliokopesha hawakuangalia jengo la mamlaka wala sura ya mkurugenzi. Waliangalia kama watu wa Tanga wanalipa bili, na kama bili inaandikwa. Marekani nako miji huuza hati za namna mbili: moja inalipwa kwa kodi za mji mzima, na mara nyingi wapiga kura huulizwa kwanza, nyingine inalipwa kwa mapato ya kitu kimoja, maji au barabara ya kulipia. Kalavati letu halina bili. Hakuna mtu atalipa kwa kupita juu yake.

Dakar, Senegali, 2015. Mji ulitayarisha hati ya faranga za CFA bilioni 20 kwa ajili ya soko la wachuuzi, miaka ya maandalizi, mpaka dhamana ya nusu ya mkopo kutoka Marekani ikapatikana. Februari, siku chache kabla ya kuuza, serikali kuu ikasimamisha. Nimekiandika hiki ili bugumestre ajue kwamba hata daftari safi halitoshi pale mkubwa wa juu asipotaka.

Detroit, Marekani, Julai 2013. Mji ule ulijitangaza muflisi na deni la kiasi cha dola bilioni 18. Nilidhani lote ni la benki. Hapana. Sehemu kubwa ilikuwa ahadi kwa wafanyakazi wake wenyewe: pensheni na matibabu ya wastaafu. Nikasimama kwenye sentensi hiyo. Nikirudi ofisini nitamuuliza Papa juu ya wafagiaji.

2 Julai, Jumanne

Wafagiaji ni 14. Sita hawamo kwenye orodha yoyote ya mishahara. Wamepewa barua ya kazi, wamepewa fagio, wanasubiri jina lipande. Wanapewa kitu siku ikipatikana.

Je, ni nyongo? Papa: hakuna kiwango kilichoandikwa, kwa hiyo hakuna cha kuandika. Safari hii sikubishana. Nimefungua ukurasa mwisho wa daftari, bila tarakimu: majina 6 na tarehe za barua. Kuna madeni ambayo mtu anayajua ukubwa wake na mengine anajua tu kwamba yapo.

16 Julai, Jumanne

Daftari limekamilika, au limefika mahali ambapo tunaweza kulisoma.

Karatasi 137. Katika hizo, 88 ziko chini ya dola 500 kila moja: seremala, fundi wa mabomba, mpiga chapa, ba mama wa chakula, kijana aliyepaka rangi lango. Karatasi 4 tu zinabeba zaidi ya nusu ya jumla yote, na zote 4 ni za dola. Benki: sifuri.

Nilitazama sifuri hiyo muda mrefu. Ndiyo inayotufanya tuseme kwa fahari, "sisi hatukopi." Tunakopa kila wiki. Tofauti ni kwamba mkopeshaji wetu hajaulizwa, hana dhamana, hana riba, na akija kudai anaambiwa faili lake halijatiwa saini. Mkopo wa benki ungekuwa wa karatasi 1, wenye tarehe ya mwisho, na watu 5 wangeubishania kabla ya kutia saini. Huu wa karatasi 137 haukubishaniwa na mtu.

1 Agosti, Alhamisi

Sikukuu ya wazazi, hakuna kazi. Asubuhi nilikwenda makaburini kufyeka kwa marehemu mama. Safu ya pili nikamwona seremala, naye ana panga, anafyeka kwa wa kwake. Tulisalimiana. Hakutaja deni. Nilitamani alitaje.

13 Agosti, Jumanne

Kikao na bugumestre. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole, na mara 2 akasema, "Hii niliagiza mimi?" Papa akajibu mara 2, "Ndiyo, shefu."

Nilisema nilichokuwa nimeandika: tusiende benki sasa. Hatuna cha kulipia kalavati ila ushuru wa soko, na ushuru huo tayari una foleni ya watu 137. Benki ikiingia itakaa mbele ya foleni, kwa sababu ina mkataba. Seremala atarudi nyumbani na Biblia yake.

"Basi nilipe vipi?" akauliza. Hapo sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na jedwali. Jibu lilitoka kwa mwenyekiti wa ba mama wa sokoni, aliyekuwa ameitwa kwa ajili ya kalavati, akakaa kimya tangu mwanzo na pochi yake mapajani. Anaongoza likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ya watu 24. Akasema: "Kwetu atakayekula wa mwisho anajua siku yake. Ndiyo maana halalamiki. Nyinyi mnawaambia watu 'subiri' bila namba. Nani anasubiri bila namba?"

Kwa hiyo tumepanga hivi. Kila mdai apewe namba na mwezi. Karatasi ndogo za zamani zianze. Zile 4 kubwa zijadiliwe moja moja, na zigeuzwe malipo ya awamu, kwa kima cha dola kilichokubaliwa na kuandikwa. Sehemu ya ushuru wa soko iwekwe kando kila Ijumaa kwa ajili ya foleni. Niliomba sehemu 1 kati ya 10, nikapewa 1 kati ya 20. Na kuanzia sasa hakuna agizo linalotoka bila Papa kuandika kwanza, kwa kalamu, kama kasha lina kitu. Bugumestre alilikubali hili haraka mno, ndiyo maana nina wasiwasi nalo.

Nikajaribu pia kutaja akiba. Chama cha maofisa wa fedha wa miji ya Marekani na Kanada kinashauri mji uwe na akiba ya kuuendesha angalau miezi 2. Papa alicheka mpaka akavua miwani. "Miezi 2? Sisi tuna mpaka Alhamisi."

9 Septemba, Jumatatu

Mijakaranda imeanza kutoa maua, barabara za katikati ya mji zimekuwa zambarau, na sisi tumelipa watu 7.

Seremala alikuwa namba 3. Papa alihesabu noti mara 2, akazifunga kwa mpira. Ni nusu, nusu nyingine Januari. Mzee hakuzihesabu. Alilivuta daftari kwake, akatafuta mstari wake kwa kidole, akausoma wote pamoja na nguzo ya thamani ya leo, akauliza: "Na hii nusu ya pili mtaiandika wapi?" Nikamwonyesha. Akasema niandike mbele yake, nikaandika. Ndipo akatia saini, polepole, jina lote na la ukoo.

Mama wa masufuria alikuwa namba 5. Tumemlipa kwa tarakimu ya zamani, faranga 1,200,000, kwa sababu karatasi yake ni ya faranga na sheria haina nguzo ya huruma. Nilimweleza. Akasema anajua, alikwenda kwa mbadilishaji kabla ya kuja.

30 Septemba, Jumatatu

Kalavati. Kwa kuwa hakuna mkopo, Jumamosi imefanyika salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Vijana wa mtaa, majembe, mikokoteni 3, komini imenunua mabuti na glavu kwa fedha taslimu na risiti ya siku hiyo hiyo. Wametoa matairi, godoro, na mlango mzima wa friji. Maji yatapita mwaka huu, nadhani. Simenti imepasuka upande wa chini, na hilo halitibiwi kwa jembe. Bado linahitaji fedha ambayo hatuna.

14 Oktoba, Jumatatu

Wamelipwa 19 kufikia Ijumaa. Ijumaa 2 hazikuwekewa kitu, moja kwa sababu ya msiba wa mfanyakazi, nyingine hakuna aliyenieleza. Nimeziandika zote mbili kwa wino mwekundu.

Leo nimefika nikakuta gari la komini lina tairi mpya 4. Nikamwangalia Papa. Papa akaangalia dirisha. Zilikuja Jumamosi jioni, akasema, dereva alitumwa, muuzaji ni mtu wa kuaminiana, karatasi italetwa wiki ijayo. Kama kasha lina kitu? Hakuulizwa.

Sikusema neno. Nilivuta daftari, nikafungua ukurasa ulio wazi. Papa alivaa miwani, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika mwenyewe: 138. Tairi 4. Kilichopokelewa.